Jina Langu Daftarini

Harufu ya karatasi kuukuu hunirudisha kwenye maktaba ya nyaraka za serikali, Bujumbura, wakati wa vita. Nyumba yetu ya mtaa wa Ngagara ilikuwa imeungua pamoja na vyeti vyote, na shule mpya haikutaka kunipokea bila cheti cha kuzaliwa. Mzee mtunza nyaraka alipekua madaftari asubuhi nzima, akikohoa kwa vumbi, huku mimi na mama tumeketi tukimngoja.

“Mama, murudi kesho,” alisema.

“Papa, tafuta tena,” mama alimjibu bila kuinuka. “Huyu mutoto alizaliwa.”

Mzee akafungua daftari lililotafunwa na panya. Kidole chake kikasimama. “Njoo usome we mwenyewe,” aliniambia.

Nikasoma jina langu kwa sauti, kisha la baba, ambalo hakuna aliyelitaja nyumbani tangu tumzike. Mama alifumba macho, akatabasamu.

“Soma tena,” akasema.