Nguruwe wa Ukutani kwa Lowell

Verna Stubblefield aliendesha basi la shule katika mji mdogo wa Ohio mpaka nywele zikawa nyeupe pepe, na muda wote huo hakuna mtoto aliyemchokoza akashuka salama. Lowell Fenstermaker, kinyozi mstaafu aliyekaa nyumba ya pili, alilijua hilo fika. Ila ulimi wake haukuwa na breki.

Theluji ilipokwisha, Verna aliona kuta zake, zile za mabamba meupe ya plastiki, zimeota ukungu wa kijani. Akaazima mashine ya kuoshea kwa presha kutoka kwa mkwewe, akapaka sabuni kuanzia juu, jua likiwaka. Maji machafu yakateremka juu ya uchafu mkavu na kukaukia hapohapo. Alipozima mashine, ukuta mzima ulikuwa michirizi, kutoka paani hadi chini.

Lowell alikuwa ameegemea uzio na kikombe cha kahawa.

"Verna, umeosha nyumba au umenunua punda milia?"

"Kanywe kahawa yako huko, mzee."

"Nauliza tu, mama. Nijue kama nilete majani."

Kufikia mchana, hata mhudumu wa mgahawani, akimkatia Verna kipande cha pai ya tufaha, alimuuliza punda anaendeleaje. Verna akatabasamu. Watoto wa basi wangeliona tabasamu lile, wangefunga mikanda.

Kwenye duka la vifaa mama mmoja alimpa siri: paka sabuni toka chini kwenda juu, suuza toka juu kwenda chini, kukiwa na kivuli, na usiiache ikauke. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, Verna akafanya vivyo hivyo. Michirizi ikatoweka, nyumba ikang'aa kama yai lililomenywa.

Lakini roho yake ilikuwa bado haijatulia.

Jumapili, Lowell akiwa kanisani anaimba besi, Verna aliburuta mashine hadi mbele ya nyumba ya Lowell, kwenye ukuta uliogeuka kijivu kwa miaka ya kutoguswa. Akachora kwa maji tu: masikio, tumbo la shibe, mkia uliojisokota. Nguruwe mweupe, mkubwa kuliko friji, akiwatazama wapita njia.

Lowell alirudi akakuta magari yanampigia honi.

"Verna! Umenichorea nini?"

"Mimi? Sijachora. Nimekuoshea kidogo, mkono ukachoka."

"Kifute!"

"Nifute usafi? Hapo labda upake tope, baba."

Kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, Lowell akaomba mashine.

"Utaomba kwa adabu," Verna akasema.

"Tafadhali, Bi Verna."

Wakaosha pamoja jioni, yeye Verna akishika bomba, Lowell akipaka sabuni toka chini. Mara mbili bomba "lilimponyoka" Verna, na Lowell akalowa mpaka soksi. Walipomfikia nguruwe, Lowell akamshika Verna mkono.

"Huyu muache, na uchafu unaomzunguka usiuguse. Dada yangu anakuja toka Toledo Jumamosi. Nikimsimulia tu, hataniamini."

Verna alicheka hadi akakaa kwenye nyasi zilizolowa.