Zima Gari Tusalimiane

Gari la baba hunywa petroli hata likiwa limelala. Mama ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na mimi nilimcheka mpaka nilipolirithi. Ni pikapu ya zamani, ya kabureta, iliyopakwa rangi ya kijani kwa brashi. Tangu baba afariki inakaa Kaagya, pembeni mwa kibanja, baina ya migomba na mibuni. Mimi naishi mjini, mtaa wa Bakoba, na nilikuwa nakwenda kuiwasha nikipata nafasi, yaani mara chache. Ikikaa juma zima, petroli iliyobaki kwenye kabureta inageuka mvuke na kwenda zake. Unapiga stata, lakini pampu haivuti mafuta mpaka injini izunguke, nayo injini inazunguka kwa uvivu, na betri ndiyo inayolipia. Hapo unaanza kusema maneno ambayo Mlutheri hapaswi kuyasema mbele ya mama yake.

Dawa yake alinifundisha baba mwenyewe. Unachukua chupa ya soda yenye petroli kidogo, kizibo kimetobolewa kwa msumari. Unafungua boneti, unadondoshea kabureta matone machache kooni, unarudi kwenye stata. Inakohoa, inafuka moshi, inakubali. Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi. Ukiizima ikiwa imepata moto, joto lote linapanda kwenye kabureta na kuichemsha mpaka ikauke, na hapo hata chupa inaweza kushindwa. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa moja: ikishawaka, haizimwi mpaka tufike.

Mama naye alikuwa na sheria yake. Mtu hasalimiwi gari likiunguruma.

Kwetu salamu si kupungiana mkono dirishani. Unashuka, unapiga goti kama ni mkubwa wako, unaulizwa habari za nyumba, za watoto, za kibanja, unajibu moja moja na kuuliza upya. Kisha inatolewa kamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, mtafune pamoja. Mimi nayapenda haya nikiwa nimekaa. Nikiwa na safari, yananiwasha mwili mzima.

Siku ninayoikumbuka ilianza kwa simu ya jioni iliyotangulia. Mama mkubwa, dada pekee wa mama aliyebaki, aliolewa na mvuvi kisiwani Bumbire na huko ndiko alikozeekea. Miguu ilikuwa imemvimba, pumzi inakatika, hawezi tena kukaa, analala tu. Miezi mingi tulimbembeleza aje hospitali akakataa. Jioni hiyo akapiga mwenyewe na kusema, "Kesho nakuja na mtumbwi wa asubuhi. Mje na gari la shemeji, lina mahali pa kulala." Mama alipokata simu alinipigia mimi hapohapo. Tulimjua. Asipotukuta mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, angerudi na mtumbwi uleule, na tusingempata tena akiwa hai.

Nilifika Kaagya kukiwa bado na ukungu. Tukatandika majani na godoro nyuma. Chupa ikafanya kazi yake, gari likawaka, nikashangilia peke yangu. Hatukufika hata barabara kubwa. Mzee jirani alikuwa amesimama getini kwake, amevua kofia.

"Zima," mama akasema.

"Mama, leo hapana. Mpungie tu."

"Nimpungie kama nani? Zima, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Sijawahi kuiona baraka ya kuchelewa, na nilimwambia hivyo. Lakini nilizima. Walisalimiana mpaka wakamaliza habari za ndizi na kahawa za pande zote mbili, mzee akatuombea njia njema, nami nikapiga stata bila jibu. Karibu petroli yote ya kwenye chupa iliishia pale. Kutoka hapo hadi Muleba nilikanyaga mafuta tu. Kituo cha mafuta nilikipita bila kujaza chupa kwa hofu ya kusimama.

Mwalo ni pahali tambarare, hakuna hata kamteremko ka kulisukuma gari. Mtumbwi ulikuwa umeshafika. Wanaume wanne walikuwa wanapandisha machela ya miti na blanketi, na juu yake mama mkubwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilikuwa bado sijavuta breki ya mkono mama aliponishika mkono.

"Usizime," akasema.

Nilimwangalia. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Akashuka mbio, akawaelekeza wanaume namna ya kumlaza, akamfunika miguu, kisha akaanza kuniambia twende, twende. Hakuwa amemsalimia dada yake. Ndipo nikasikia sauti kutoka godoroni, nyembamba lakini yenye amri.

"Gari linaunguruma kwa nini?"

"Likizimwa haliwaki, waitu, dada yangu," mama akamjibu.

"Mmekuja kunibeba kama mkungu wa ndizi? Mdogo wangu hajanisalimia. Zima, mwanangu."

Mama, aliyesimama nyuma ya gari, aliniangalia kupitia kioo cha nyuma. Nilingoja aseme tena nisizime. Kisha nikazungusha ufunguo.

Kukawa kimya, maji tu yakipiga mbao za mtumbwi. Mama akapanda nyuma, mzee mzima, akapiga goti kwenye majani, wakaanza. Habari za nyumba. Habari za kibanja. Habari za mfenesi wa baba yao, kama bado unazaa. Mama mkubwa alifungua pindo la khanga yake, akatoa kamwani, akampa mama, akaninyooshea na mimi. Nilitafuna nimesimama, macho kwenye boneti. Nilikuwa nawaza kabureta tu.

Walipomaliza nikapiga stata. Hakuna. Nikamimina matone ya mwisho. Hakuna. Nikalipiga teke tairi, na kule nyuma nikasikia wanacheka.

"Hasira za baba yake," mama mkubwa alisema.

Wanaume waliniletea maji ya ziwa kwenye ndoo. Nililowesha tambara nikaizungushia pampu na kabureta, likakauka, nikalowesha tena. Jua lilikuwa linapanda. Nililia kwa hasira, sioni aibu kusema. Nyuma yangu wao walikuwa wamehamia usichana wao: kuku fulani aliyeibiwa, mchumba fulani aliyekimbia mvua akaacha viatu. Mama mkubwa alikuwa anapumzika katikati ya maneno, kisha anaendelea. Karibu saa nzima ilipita ndipo gari likakohoa na kukubali.

Jioni hiyo, wodini, mama mkubwa aliacha kuongea. Hakuongea tena. Alifariki kabla ya Jumapili.

Nilimuuliza daktari kama tungefika mapema ingekuwaje. Akaniuliza mapema kiasi gani. Nilipomwambia, alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba moyo wake ulikuwa umechoka sana na kwamba hajui. Hilo la hajui ndilo ninaloamka nalo.

Mama hajawahi kuuliza. Msibani aliwaambia waombolezaji, na mpaka leo anawaambia wageni, kwamba gari la mume wake lilikataa kuwaka mwaloni ili yeye apate kuongea na dada yake. Analishukuru. Amelishonea hata turubai. Mimi siwezi kulishukuru, wala siwezi kuliuza.

Siku hizi nakwenda Kaagya kila Jumamosi kuliwasha. Nadondoshea, napiga stata, naliacha lichemke huku nikizunguka kibanja. Mama hutoka ndani na sahani ndogo ya kamwani, akasimama mlangoni hanisemeshi, mpaka nizime. Nazima. Napiga goti, tunaulizana habari zote, moja moja, hata zile tulizoulizana kwenye simu jana. Najibu vizuri, sirukii hata moja. Lakini sikio langu moja liko kwenye boneti, likisikiliza chuma kinavyopoa, na kuhesabu muda uliobaki kabla petroli haijakauka.