Nilimwita Marehemu Hewani

Ninaendesha kipindi cha historia katika redio moja hapa Mugumu. Juzi nilimhoji mwandishi wa kitabu kuhusu Bhoke, mwanamke aliyechimba dhahabu Kerende kabla ya mgodi mkubwa kuja. Kitabu chenyewe sikukisoma. Niliona tu picha kuukuu kwenye jalada, nikajiaminisha kwamba ameshafariki.

Basi nikatangaza moja kwa moja hewani, “Tunyamaze kidogo kumkumbuka marehemu.”

Mwandishi alinikodolea macho. Bibi aliyekuja naye, ambaye nilidhani ni mama yake, akakisogelea kipaza sauti.

“Mwanangu, Bhoke ni mimi. Umeniamkia mlangoni nikakuitikia. Sasa nimekufa saa ngapi?”

Simu ya studio ikaita. Alikuwa mwanawe Bhoke kutoka Kerende, analia, akiuliza mama yake amefia wapi.