Bi Kimya, mpishi aliyepokea salamu za marehemu

Karai liko motoni, mafuta yameanza kutoa moshi mwembamba, na Bi Kimya anapika akiwa amewapa watu mgongo. Jiko la gesi la mkahawa huu wa Kichina lina mafiga manne. Lililo karibu na ukuta ndilo lenye moto hafifu kuliko yote, na ndilo alilolichagua leo.

Nyuma yake, mahali palipokuwa na pazia la kijani lililoganda mafuta, sasa kuna kioo kipana kinachoanzia usawa wa kiuno hadi karibu na dari. Upande wa pili wa kioo wateja watatu wamekaa wakisubiri tambi. Wanatazama.

"Dada, geuka basi. Hawang'ati," anamtania mhudumu wa mezani, akichukua sahani.

"Nani kakuhakikishia?"

Anarusha tambi. Zinapinduka hewani na kurudi ndani ya karai bila kumwagika hata moja. Mkono wa kulia haukosei. Wa kushoto umeshika kitambaa.

Bi Kimya ni jina alilopewa na wenzake kwa sababu hasemi sana akiwa kazini. Ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na moja, mwenye alama ndogo ndogo za mafuta mikononi, kama mtu aliyenyunyiziwa rangi. Aliingia hapa miaka kumi na mitatu iliyopita kuosha vyombo. Kwa miaka sita sasa, kila chakula kinachotoka katika jiko hili kimepikwa na yeye.

Wateja hawakulijua hilo. Na hicho ndicho kinachomtia hofu.

Kioo kililetwa na maoni. Mkahawa una ukurasa kwenye mtandao ambako wateja huandika walivyoona, na kila asubuhi keshia huwasomea wenzake kwa sauti. Kwa miaka mingi yalikuwa maoni ya kawaida tu. Huyu anasema feni inapiga kelele kuliko watoto. Yule anasema pilipili ilimliza mbele ya wakwe zake. Mwingine anasifu kuku wa tangawizi na kuuliza kwa nini vipande vimepungua.

Kisha mtu mmoja akaandika: "Kwani nyuma ya lile pazia wanapika nini?"

Hakutaja kitu. Waliomfuata ndio waliotaja, na walitaja wanyama ambao Bi Kimya hataki hata kuwarudia kwa jina. Mmoja alisema amesikia kwa shemeji yake, aliyesikia kwa dereva, ambaye naye hakusema alisikia wapi. Ndani ya miezi miwili, sahani themanini za mchana zikashuka hadi thelathini.

"Nilipaka rangi upya. Nilibadilisha viti. Bado wanauliza," anasema mwenye mkahawa, mama wa Kichina ambaye wafanyakazi humwita Mama Bosi. Ameishi hapa zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili chake kinapatana bei sokoni bila kukwama. "Nikasema basi, waone wenyewe. Jiko langu safi, ninaogopa nini?"

Mama Bosi hakuwa na la kuogopa jikoni. Bi Kimya alikuwa nalo.

"Pazia lile halikuficha uchafu," anasema polepole, akifuta meza ambayo tayari imefutwa. "Lilinificha mimi."

Mpishi ambaye wateja walimjua alikuwa mume wa Mama Bosi, mzee mwembamba waliyemwita Babu. Zamani alizoea kutoka jikoni na taulo begani, akazunguka meza moja moja akiinamisha kichwa. Maneno yake ya Kiswahili hayakujaza kiganja. "Nzuri? Nzuri?" aliuliza, na watu wakacheka na kumjibu, "Nzuri, Babu!"

Ndiye aliyemtoa Bi Kimya kwenye sinki. Siku moja alimwona akionja mabaki ya mchuzi kwa kidole huku amefumba macho. Kesho yake akamwekea karai mbele. Hakufundisha kwa maneno. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, wakarusha wali pamoja. Mafuta yakilia vibaya, aligonga upawa kwenye ukingo wa karai. Yakilia vizuri, alinyamaza.

"Karibu miaka saba nilikuwa ninangoja anyamaze," Bi Kimya anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Babu alipougua, alikaa kwenye kigoda pembeni ya friji, taulo begani, akisikiliza. Mwishowe kigoda kikabaki kitupu. Alizikwa na watu wachache: mkewe, wafanyakazi, na majirani wawili wa nyumbani kwao.

"Tusiwaambie wateja kwanza," Mama Bosi aliwaomba walipotoka makaburini. Alikuwa na deni la friji mpya, na aliamini watu huja kwa ajili ya mkono wa Babu.

Hiyo "kwanza" ikawa miaka sita. Wateja wakimaliza kula walisema, "Msalimieni Babu." Mhudumu akajibu, "Zimefika." Bi Kimya, nyuma ya pazia, alizisikia zote.

"Unasikia marehemu anasalimiwa, na wewe ndiye umeshika upawa wake. Utaitikia? Utakaa kimya? Nilikuwa ninasema moyoni, 'Babu, hizo ni zako, mimi nakushikia tu.'"

Wiki moja kabla ya kioo kufungwa, Mama Bosi alimketisha. Mpwa wake huko kwao ni mpishi na yuko tayari kuja. Wateja wasiporudi hadi mwisho wa mwezi, atamwita. Bi Kimya atahamia kwenye kukata mboga, kwa nusu ya mshahara.

Mshahara huo ndio unaolipia vyumba viwili anavyoishi na mama mkwe wake na binti yake wa sekondari, pamoja na dawa za presha za mama mkwe. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali. Hela yake huja, lakini haina siku maalumu.

"Mwanangu, kioo hakimli mtu," mama mkwe alimwambia jioni alipomkuta amekaa kitandani na sare ya kazi mwilini.

"Mama, mimi sikiogopi kioo. Naogopa macho."

"Macho nayo hayana meno."

"Yana midomo chini yake."

Mama mkwe akaenda kumchemshia chai.

Siku ya kwanza ya kioo, watu walikuja kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Walikuja kuona. Wengine walisimama karibu kabisa, pumzi zao zikaacha ukungu kwenye kioo. Bi Kimya alisikia mtoto akiuliza, "Mama, Mchina yuko wapi?" na mama akimnyamazisha.

Sahani ya kwanza ilirudishwa kabla ya adhuhuri. Kuku wa tangawizi. Mteja alisema ladha si ile aliyoizoea.

Bi Kimya alionja. Akaonja tena. Akamwita mhudumu naye aonje. Ilikuwa ileile ambayo mteja huyohuyo aliimaliza wiki iliyopita hadi akafuta mchuzi kwa kidole.

"Hapo ndipo nilipoogopa kweli," anasema. "Chumvi ikizidi nitaipunguza. Sasa kama tatizo ni uso wangu, nitapunguza nini?"

Mchana akaingia mtu aliyemhofia kuliko wote: fundi saa wa kibanda cha ng'ambo ya barabara. Huyu alikuwa rafiki wa Babu. Kwa miaka mingi amekuwa akija kila Ijumaa, akila supu ya mahindi na kuku, meza ileile, na hajawahi kuondoka bila kutuma salamu. Mhudumu alikuwa amemwambia kwamba Babu hatoki jikoni siku hizi, miguu inamsumbua.

Fundi alikitazama kioo muda mrefu. Akainuka na bakuli lake, akaja hadi kwenye dirisha dogo la kupitishia sahani.

"Dada, hujambo."

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Babu amepumzika leo?"

Bi Kimya alimtafuta Mama Bosi kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya meza ya keshia, mkono mdomoni.

"Babu alifariki, kaka."

"Lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Fundi aliliangalia bakuli, kisha akamwangalia yeye.

"Salamu zangu mlikuwa mnazipeleka wapi?"

Aliweka bakuli dirishani, supu ikiwa nusu, akatoka. Kutoka jikoni alionekana akivuka barabara bila kutazama magari.

Maoni ya siku zilizofuata yalisomwa kwa sauti ya chini. "Jiko ni safi, hongera, lakini mpishi si Mchina." "Mrudisheni mpishi wa zamani, huyu mpya bado." Keshia aliposoma hilo, mhudumu aliangua kicheko, kisha akaona haya. "Mpya!" alisema. "Dada yangu amekuwa mpya miaka sita!" Bi Kimya hakucheka. Kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni mpwa ameingia na mabegi yake.

Siku ya nne keshia akasita katikati ya kusoma. Maoni yalikuwa ya fundi saa.

"Rafiki yangu amekufa na nimenyimwa hata kusema pole," aliandika. "Nimekasirika na sijui nitakuja lini tena. Lakini nisiwe mwongo kama wao. Supu ni ileile."

Mama Bosi aliomba asomewe tena. Kisha akavua aproni, akavuka barabara mwenyewe hadi kwenye kibanda cha saa. Bi Kimya aliwaona kupitia kioo chake na kioo cha mlango: wamesimama, halafu fundi akatoa kigoda chake na kumpa mama yule akae. Alikaa huko hadi foleni ya mchana ikaanza kulalamika.

Aliporudi alikuwa na macho mekundu. Hakurudi kwenye meza ya keshia. Alisimama katikati ya meza.

"Mume wangu amekufa miaka sita," aliwaambia wateja. "Niliogopa mtaondoka, nikawaficha. Anayewapikia ni huyu. Mume wangu ndiye amemfundisha. Anayetaka kuondoka, aondoke, simkasirikii."

Meza mbili zilisimama na kuondoka. Mama mmoja wa makamo alikuja kumshika Mama Bosi mkono na kumpa pole. Wengine walirudi kwenye sahani zao, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Mwezi haujaisha. Idadi ya sahani imepanda hadi hamsini na kitu, kisha ikashuka, kisha ikapanda kidogo. Mama Bosi amempigia mpwa wake na kumwambia asikate tiketi bado. "Bado" si "usije", na Bi Kimya anaijua tofauti hiyo. Usiku humwota kijana asiyemjua akigonga upawa kwenye karai.

Hata hivyo amepanga jambo. Akibaki na jiko hili, anataka kumfundisha mwanamke anayeosha vyombo sasa, na anataka kumfundishia hapohapo mbele ya kioo, watu wakiona.

"Mimi nilifundishwa pazia likiwa limeshushwa, ndiyo maana nikaonekana kama nimeiba," anasema. "Huyu asije akapata hofu yangu."

Karai linaita. Anahamia kwenye figa la katikati, lenye moto mkali, linalotazamana na kioo. Uso wake unang'aa jasho. Anaulizwa anatamani nini zaidi kutoka kwa wateja, na anafikiri huku akikoroga.

"Sitaki wanisifu," anasema. "Natamani siku moja mtu arudishe sahani aseme chumvi imezidi, nami nionje, nikute kweli imezidi."