Kompyuta Zilizonisikia Mimi Tu

Msinicheke kabla sijamaliza. Hapa ofisini kwetu, ushirika wa mahindi mjini Eldoret, mwezi mzima mimi ndiye nimekuwa daktari wa kompyuta. Tunazo tatu, zimeunganishwa kwa waya mmoja uliopita sakafuni, na mawasiliano yalikuwa yakikatika ovyo. Mafundi walitoka Nairobi. Nikainuka kuwakaribisha, wakapima kila kitu, wakasema hakuna shida.

Lakini Mama Jerotich wa mapokezi akiniita, "Zimekataa tena, kuja," naondoka mezani pangu polepole kama mchungaji anayeenda kuombea mgonjwa, naweka mkono juu ya mashine yake, na papo hapo inarudi.

"Huyu kijana ana mkono wa baraka," Mama akatangaza. Wakulima kutoka Soy wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Nikanunua tai.

Jana meneja akamleta DO mwenyewe, mkuu wa tarafa yetu, anione. Mitambo ikakataa, nikaigusa, ikarudi, wakapiga makofi.

"Sasa keti utueleze siri," akasema meneja.

Nikaketi kitini pangu, nikaegemea nyuma kwa maringo.

"Zimekatika," akasema Mama Jerotich.

Nikaruka juu.

"Zimerudi."

Nikaketi tena, nikaegemea.

"Zimekatika."

Meneja akapiga magoti na suti yake, akachungulia chini ya kiti changu, pale mguu wa nyuma ulipoufinya waya.

"Daktari," akasema, "mgonjwa wako umemkalia."