Mazoezi ya Mamba

Msinicheke sana. Bosi wetu mzungu katika shamba la maua Kitengela alituahidi mimi na Mutua likizo katika visiwa vya kaskazini, kutembea na kuona wanyama. Mimi ninayejidai najua jiografia nikaamua ni vile vya Ziwa Turkana, kwenye mamba wengi.

Nikanunua kofia ya jua, nikaanza kumfundisha Mutua kumtoroka mamba. Mamba nilikuwa mimi, nikitambaa kwa tumbo kwenye nyasi, bosi alipotokea amebeba makoti mawili mazito.

“Karanja, unafanya nini hapo chini?”

“Niko na mazoezi ya mamba, bosi.”

Alicheka mpaka akaketi. “Visiwa ni vya kwetu, Uskoti. Wanyama ni ndege wa baharini, na kuna baridi. Niletee pasipoti zenu.”

Kutoka juu ya mti, Mutua aliuliza kama anaweza kushuka.