Siku Nane za Kulifuata Ziwa

Jamani, mlioketi kaeni vizuri. Mliosimama, shauri yenu, miguu itawauma. Nataka niwaambie jinsi mimi, niliyeacha shule darasa la tatu, nilivyoizunguka Ulaya na begi mgongoni kama kijana wa Kizungu. Mtacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka. Kuna siku nacheka peke yangu jikoni mpaka ugali unaungua na machozi yananitoka, halafu nasingizia moshi.

Aliyelitaka ziwa ni mke wangu. Kwetu Lewisham, hapo London, kwenye mlango wa friji, kulikuwa na kalenda tuliyopewa na Mhindi mmoja wa Tooting, mzaliwa wa Mwanza, muuza mchele na viungo, anayekusema kwa Kisukuma ukichelewa kuchagua. Mwaka wa ile kalenda ulishapita zamani. Lakini ukurasa wa mwezi wa kumi mke wangu alikataa usifunuliwe. Ulikuwa na ziwa la Uswisi, maji ya buluu, na nyuma yake mlima umejivika theluji. Akisonga ugali macho yako pale. Akigombana na mimi macho yako pale pale, mpaka nikawa naliona lile ziwa kama shemeji yangu, linakaa kwangu bila kodi na linamuunga mkono yeye.

Akaugua. Siku moja daktari akatuambia maneno mengi ya Kiingereza. Mimi nikashika mawili, yeye akayashika yote. Kwenye basi la kurudi nyumbani akaniambia, "Mume wangu, nataka nilione lile ziwa."

"Lipi?"

"La kwenye friji."

"Mwakani, mama."

Akageuka akaangalia dirishani. Ndipo na mimi nikayaelewa yale maneno mengine ya daktari.

Nikaomba likizo kwenye kazi yangu ya usafi, nikapewa siku nane. Tukanunua mabegi mawili ya mgongoni sokoni, tukakata tiketi za basi za bei ya chini kuliko zote, zile ambazo hata dereva anakuonea huruma. Mpaka hapo mambo yalikuwa yamenyooka. Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilisema.

Nilisema Ijumaa, tulipotoka msikitini. Na nyie mnajua watu wetu. Ukiwaambia unasafiri hawakuulizi unakwenda kufanya nini, wanakuuliza unapitia wapi. Kufika Jumapili sebule yangu imekuwa posta. Huyu kaleta dagaa wa dada yake Brussels. Yule kaleta kanga, majani ya chai na unga wa muhogo, vya mjomba wake Ujerumani. Shoga wa mke wangu, Mzanzibari wa Tottenham, kaja na chupa ya achari ya embe kubwa kama mtungi wa gesi. "Ya mwana wa ndugu yangu, shemeji, yuko huko huko Uswisi kwenye ziwa lenu. Hamzunguki hata kidogo!"

Kusema hapana mimi sijui, sikuumbwa nayo. Mke wangu akaangalia ile mizigo, akaangalia begi lake, akatoa sweta mbili na viatu vya akiba ili dagaa wapate kukaa. "Haya," akasema, "dagaa nao wakaone Ulaya."

Basi lilipotoka London lilikuwa limelalia upande wetu, naapa. Bandarini mbwa wa forodha akanusa begi langu, akapiga chafya saba, akakaa chini akashika kichwa. Askari akaniuliza hiki nini, nikamwambia samaki. Akauliza samaki wangapi. Nikamwambia kama elfu tisa. Mke wangu akacheka mpaka akashikilia ukuta, na nikaona jinsi mkono ulivyokonda, pete inacheza kwenye kidole.

Kama mnataka funzo la safari, chukueni hili: chemsheni mayai ishirini kabla ya kuondoka, na chooni msiende mpaka mfike mahali penye cha bure. Na kwenye zile hosteli za vijana, wahini kitanda cha chini. Sisi tulikuta vya juu tu, watu nane chumba kimoja, nguo zimetundikwa kila mahali. Mimi nikamsukuma mke wangu kwa chini apande ngazi, kijana mmoja mwenye rasta za njano akamvuta kwa juu, na yeye katikati anapiga kelele, "Niacheni, mimi bibi wa watu!" Asubuhi wale vijana wote walikuwa wanamwita mama na wanakula mayai yetu.

Lakini siku zilikuwa zinaliwa pia. Brussels tulipanga kupeleka dagaa na kuondoka. Mwenyewe akatufungia mlango. Mgeni kutoka London, amebeba dagaa, aondoke hajala pilau? Na pilau halijaiva, na nyama haijanunuliwa. Tulilala pale siku mbili. Ujerumani yule mjomba alikuwa amehama, tukamfuata mji wa pili, naye tukamkuta kazini, tukamsubiri kwenye ngazi za nyumba yake kutwa nzima tumekalia unga. Mke wangu akalala begani kwangu. Nikamwambia, "Tuuache mlangoni twende zetu."

"Amana za watu hizo," akasema. "Umezipokea mwenyewe." Akafumba macho tena.

Basi, ziwa lenyewe tukalifikia siku ya mwisho. Tulishuka asubuhi, na gari la kurudi London lilikuwa saa nane mchana. Nikamshika mkono, tukatembea taratibu, hatua kumi tunapumzika, mpaka ukingoni. Tukakuta benchi. Tukakaa.

Hakukuwa na kitu.

Nasema hakukuwa na kitu! Ukungu, jamani. Ukungu mzito kama uji, ungeweza kuuchota kwa upawa. Ziwa hakuna, mlima hakuna. Kuna bata mmoja tu alikuwa anaogelea karibu, naye alionekana amepotea. Tulikaa saa nzima. Nikapuliza kwa mdomo nikijifanya naufukuza, asicheke. Nikasema nitaupigia adhana, asicheke. Alikuwa amejifunika kanga juu ya koti, anatazama mbele pale ambapo mlima ungekuwepo, macho yale yale ya jikoni.

Halafu akasema, "Achari."

"Achana na achari."

"Nyumba yenyewe hapo nyuma ya stesheni. Nenda kampe mtu chakula chake. Ukikaa hapa utaniroga kwa hizo porojo zako, na ukungu nao hautaondoka kwa kukuogopa."

Nikaenda. Nilisema dakika kumi. Kijana mwenyewe aliposikia achari ya shangazi, akanivuta ndani, akaweka chai, akaniletea simu nimuone mtoto wake aliyezaliwa, akaniuliza habari za Tottenham nyumba kwa nyumba. Nikasimama mara tatu, mara tatu akanikalisha. Nilipotoka nilikuwa nakimbia, mimi na umri huu, na tumbo hili, na ukungu uko vile vile, mpaka nikalipita benchi.

"We! Unakimbilia wapi?" Ni yeye. Amekaa wima, mashavu yamelowa, anacheka. "Ulikuwa wapi wewe mwanamume? Limefunguka!"

"Nini limefunguka?"

"Ziwa! Ulipoondoka tu. Mara ukungu ukapanda kama pazia, nikauona mlima wote, mweupe, una jua juu yake. Na boti. Boti nyeupe ikapita. Halafu pakafunga tena. Sasa hivi tu, ungewahi kidogo!"

Nikakaa chini palepale kwenye lami. Sikujua nifurahi au nijipige. Miaka yote ile na ziwa lake, na lilipofunguka mimi niko nyuma ya stesheni nanywa chai. Akanishika kichwa. "Nimeliona," akasema. "Usilie bwana, nimeshaliona. Twende tukalipande hilo gari."

Njia nzima ananisimulia. Kufika Ufaransa boti zilikuwa mbili. Kufika Dover zilikuwa tatu, na kwenye moja kulikuwa na harusi. Mimi muongo wa kusifika, ninayepewa kiti kwenye kila shughuli kwa sababu ya uongo wangu, nikasikiliza vyote nikameza.

Miezi mitano baadaye alikuwa kitandani hospitali na hazungumzi sana tena. Nikimwona maumivu yamemzidi, nilikuwa namwambia, "Nipe ziwa." Ananipa. Mlima, jua, boti. Siku ya mwisho alinipa mlima tu, boti pumzi haikutosha. Alipokwenda, mimi nilishika hilo moja. Nilimchelewesha, nilimbebesha unga wa watu, nilimwacha peke yake kwenye baridi, lakini aliliona. Usiku na mchana nilikuwa naegemea hapo.

Siku ya arobaini yake nyumba ilijaa. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni na ukumbini, mlango wa katikati uko wazi. Tulipomaliza kisomo na watu wamekula, wakaniambia mzee, sema neno. Nikawasimulia hii safari, mbwa, mayai, pilau. Wakacheka vizuri. Nikafika kwenye benchi. Nikawaambia jinsi ukungu ulivyopanda kama pazia. Nikauweka mlima, nikaweka jua, nikaweka boti zote tatu na harusi yake. Wazee wakafuta macho. Nikasema, "Kwa hiyo jamani, alhamdulillahi, mwenzangu ameondoka ameshaliona ziwa lake."

Halafu jikoni sahani ikawekwa chini kwa nguvu, na sauti ya yule shoga yake wa Tottenham ikaropoka, nusu kilio nusu kicheko, kabla wenzake hawajamziba mdomo:

"Ziwa gani, shemeji? Mie si nilimpigia simu yuko pale pale kwenye benchi, namuuliza achari yangu imefika? Kanambia, 'Shoga, hapa sioni hata ncha ya pua yangu, lakini mwache arudi huyo muongo wangu, leo zamu yangu!'"